Msiba wa Gaudencia Aoko na Chimbuko la Legio Maria

Wanaoandika kuhusu makanisa huru ya Nyanza hupenda kuieleza Legio Maria kuwa ni uasi. Wakatoliki wa Kijaluo, husemwa, walichoshwa na mapadri Wazungu na katazo la kuoa wake wengi, wakajitenga mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru. Maelezo haya yamekubalika kwa wepesi mno kwa sababu tarehe zinayabeba. Anayetaka kuyapima hana budi kurudi kwenye tasnifu ya Peter Dirven, padri wa shirika la wamisionari Wakatoliki la Mill Hill, iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha Gregorian, Roma, mwaka 1970. Ni kazi inayosomwa na wachache, ingawa Dirven alilichunguza kundi hili likiwa bado changa. Humo, na katika simulizi za waumini wenyewe, siasa hazitoshi kueleza mambo. Kuna kufiwa, kuna maradhi, kuna hofu ya uchawi.

Habari za mwanzo wa Ukristo kusini mwa Nyanza zinajulikana. Waadventista, wakiongozwa na Arthur Carscallen wa Kanada na Peter Nyambo wa Nyasaland, walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakati malale yakifyeka watu mwambaoni mwa ziwa. Baadaye Mill Hill wakafungua misheni ya Asumbi. Kendu ikapata hospitali yake mwaka 1925. Shule, zahanati, kitabu: njia ilikuwa hiyo, na iliwafaa wengi.

Kwa aliye mbali na misheni hali ilikuwa nyingine. Padri mmoja alihudumia vigango vingi, naye mgonjwa hangoji zamu ya padri. Pengo hilo lilianza kuzibwa na chama cha walei, Legio ya Maria, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 na kuletwa Afrika Mashariki na Edel Quinn, mwanamke wa Ireland aliyewasili mwaka 1936 akiwa tayari na kifua kikuu. Alizunguka nchi hizi na ugonjwa wake hadi alipofariki Nairobi mwaka 1944. Wanachama walikutana kila wiki, wakasali rozari, kisha wakapangiwa kazi: kwenda wawili wawili hadi nyumbani kwa wagonjwa na wafiwa. Hapa ndipo historia ya Legio Maria inapaswa kuanzia. Kabla ya mtu yeyote kujitenga na Roma, wakulima na akina mama walikuwa wamekwisha kuzoea kuingia nyumba yenye shida na kuomba bila padri.

Mwaka 1963 Gaudencia Aoko, mmoja wa waanzilishi wa Legio Maria, alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Watoto wake wawili walikufa siku moja. Yeye, kama majirani zake wengi, aliona mkono wa mchawi. Desturi ilimwelekeza kwa mganga, ajuoga, akatafutiwe aliyewaroga na kupewa kinga ya kulipiza. Hakufuata njia hiyo. Alimgeukia Mungu, akaapa kupambana na uchawi wenyewe, akaanza kuhubiri pamoja na Simeo Ondeto, aliyekuwa katekista. Watu walimiminika. Aliwataka waachane na hirizi na dawa za waganga, akawabatiza palepale, bila malipo na bila mafunzo marefu. Fikiria maana yake kwa mama aliyehesabiwa kuwa bado mwanafunzi wa dini miezi na miezi huku mtoto wake akichomwa na homa: msichana aliyezika watoto wake mwenyewe anamwambia kwamba Mungu amemsikia leo. Makadirio ya miaka hiyo yaliwaweka wafuasi kwenye 90,000.

Wapo waliouita mwendo huu ushirikina uliovikwa rozari. Hukumu hiyo haistahili kupewa muda mwingi, maana waliokusanya hirizi na kuziacha walikuwa ni hao hao wanaoshutumiwa.

Hoja ya uasi dhidi ya Wazungu nayo inapwaya mahali pamoja muhimu. Tangu mwaka 1960 eneo ambalo leo ni Migori na Homa Bay lilikuwa chini ya Jimbo la Kisii, na askofu wake alikuwa Maurice Otunga, Mkenya. Ni kweli kwamba kiti cha Mwafrika hakikufuta manung'uniko yote, na kwamba waumini wanaomwona Ondeto kuwa Masihi aliyerudi katika ngozi nyeusi wanasema jambo zito kuhusu rangi na heshima. Lakini imani hiyo ilipokewa na watu waliokwisha kuombewa kwanza. Tena, kanisa hilo lilishika Kilatini, rozari na ngazi za upadri hadi upapa. Mtu aliyeichukia Roma asingeihifadhi kwa upendo wa namna hiyo.

Jambo la kusikitisha ni jinsi Aoko alivyosukumwa pembeni. Kanisa liliposajiliwa mwaka 1966 upadri ulikuwa wa wanaume, na kabla ya miaka ya 1960 kwisha yeye alikuwa ameondoka. Ondeto alifariki mwaka 1991, akazikwa Got Kwer, Migori, ambako mahujaji huenda hadi leo. Wanawake wamebaki na unabii na kazi ya kukesha kwa wagonjwa, na mishumaa, maji ya baraka na rozari.

Kazi hiyo ilijaribiwa vikali ukimwi ulipoingia. Homa Bay iliumia kuliko kaunti zote. Hata mwaka 2018, uchunguzi wa kitaifa ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 miongoni mwa watu wazima. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na dawa za kupunguza makali zikaanza kutolewa huko mwaka 2001. Kabla ya hapo, nyumba nyingi zilikuwa na mgonjwa, bibi wa kumuuguza, na waombaji wa kanisa hili au lile waliokuja jioni kumwosha, kumlisha na kusali. Wapo wajane waliokataa kurithiwa ambao makundi ya maombi ndiyo yaliwapokea. Historia ya ziara hizo haijaandikwa ipasavyo, na wengi waliozifanya bado wako hai huko Rangwe, Ndhiwa, Rongo na Suna, wakiwa na umri wa kutosha kusimulia na nguvu za kuulizwa.