Mgagani ulikuwepo kabla ya kopo

Wadau, hapa Kihonda kuna mtu anakunja sura akiona mgagani, halafu ananunua unga wa mlonge wa kopo, bei mbaya! Ngoja nikupe historia kidogo. Mlonge asili yake India. Kisamvu je? Muhogo waliuleta Wareno kutoka Amerika, karne ya 16. Kabichi za Mgeta nazo asili yake Ulaya. Mgagani ndo mwenyeji wa Afrika, ila tunauita mboga ya shida. Bibi zetu walitia karanga kupunguza uchungu, kumbe mafuta yake yanasaidia mwili kufyonza vitamini A. Wao wakiondoka hatujawauliza, ujuzi umekwenda. Wewe bibi yako ulimuuliza lini?