Mkasi wa bakteria, mwani wa kina mama

Kila Ramadhani nyumba nyingi za Mombasa hutengeneza faluda, na ni wachache wanaouliza kinachoigandisha kimetoka wapi. Ni agari, ambayo hutolewa kwenye mwani mwekundu. Ndiyo maana twaila bila wasiwasi, tofauti na jelatini ambayo huweza kuwa ya nguruwe. Agari ni mnyororo mrefu wa sukari, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuukata.

Bakteria wa baharini wanacho. Kimeng'enya ni kama mkasi: agarase hukata agari, karajinase hukata karajinani, ile inayotolewa kwenye mwani wanaoulima kina mama wa Kibuyuni, Kwale. Bakteria huutoa mkasi nje ya mwili wake, mnyororo ukakatika vipande vidogo, ndipo akavila.

Maabara hukuza vijidudu juu ya agari kwa sababu wengi wao hawawezi kuila. Mwaka 1902 Gran, mtaalamu wa Norway, alieleza bakteria wa baharini aliyeweza. Ukimweka bakteria wa namna hiyo kwenye sahani ya agari, huchimba shimo pale alipokaa.

Kisa kinachonipendeza zaidi ni cha mwaka 2010. Watafiti wa Roscoff, Ufaransa, walikuwa wakichunguza bakteria aitwaye Zobellia galactanivorans, wakapata kimeng'enya kinachokata sukari ya mwani aina ya nori, ule unaofungiwa sushi. Walipotafuta jeni zake kwingineko, walizikuta kwenye bakteria wa matumbo ya Wajapani, lakini si kwa Wamarekani waliolinganishwa nao. Maelezo yao ni kwamba bakteria wa baharini waliingia tumboni pamoja na mwani, wakawarithisha wenyeji wa humo mkasi wao. Chakula cha mababu kimebadilisha matumbo ya wajukuu!

Kwa mkulima, bakteria hao si rafiki sikuzote. Maji yakipata joto kali au chumvi ikipungua kwa mvua, mwani hudhoofika, bakteria wakaushambulia, matawi yakawa meupe na kukatika kwenye kamba. Jasho la wiki kadhaa huenda na maji.

Hata hivyo mkasi huo ni mali. Agarase hutumika maabara kuyeyusha agari ili kutoa DNA iliyomo, na vipande vya sukari vinavyobaki vinatafutwa na watengenezaji wa vyakula na vipodozi. Sisi bado twauza mwani mkavu kwa kilo.

Hapo ndipo ninapokumbuka Ziwa Bogoria. Bakteria walichukuliwa huko, vimeng'enya vyao vikaingia kwenye biashara ya sabuni na jinzi ng'ambo, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likawa linadai fungu la nchi mali ikiwa imeshaondoka. Kanuni za mwaka 2006 sasa zinamtaka anayechukua rasilimali kama hizo awe na kibali cha NEMA na makubaliano ya kugawana faida.

Mwani uliooza ufuoni Kibuyuni una bakteria wake, na hakuna anayelinda tope. Siku mtafiti atakapokuja na chupa zake, na aje, elimu haikataliwi, nataka makubaliano hayo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya kina mama hao kabla chupa hazijapanda gari.