Kivuli cha Uzunguni

Sisi tuliokulia Kwala hatukuzoea kuuona mti kuwa ni pambo. Mti ulikuwa kuni, dawa, mpini wa jembe na magunia ya mkaa yaliyopelekwa Dar es Salaam. Kwa hiyo siku nilipofika Oysterbay kwa mara ya kwanza, kumtembelea mjomba wangu aliyekuwa mtunza bustani huko, majumba hayakunishangaza. Nilishangaa kuona barabara nzima imefunikwa na kivuli, na hakuna mtu aliyeketi chini yake.

"Mjomba, miti hii ni ya nini?" nilimwuliza.

"Ya kutazamwa, mjomba," alinijibu, akaendelea kumwagilia.

Kivuli kile kina historia. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walitoa amri ya ujenzi iliyougawa mji kwa aina ya nyumba: za mawe upande mmoja, vibanda vya udongo na makuti upande mwingine. Waingereza waliowafuata waliendeleza mgawanyo huo. Uzunguni pakawa na bustani kubwa na upepo wa bahari. Uhindini pakawa na maduka. Waafrika wakapangiwa Kariakoo na Ilala. Kati ya Kariakoo na Uhindini uliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Oysterbay ilikua katika mpango huo, nyumba zikiwa mbalimbali na viwanja vipana.

Fikra ya makazi yenye miti haikuwa ya kikoloni peke yake. Mwingereza Ebenezer Howard alichapisha mawazo yake kuhusu mji wa bustani mwaka 1898, nayo yakafika mbali. Huko Japani, viwanja vya Den-en-chofu, kitongoji cha Tokyo chenye barabara za miti, vilianza kuuzwa mwaka 1923. Lakini Tokyo kizuizi kilikuwa bei. Kwetu kilikuwa bei na rangi ya ngozi. Baada ya uhuru mwaka 1961 rangi iliondoka mlangoni, kikaingia cheo. Wakubwa wetu wakahamia chini ya miti ileile, na watu kama mjomba wakaendelea kuimwagilia.

Sisemi haya kwa kijicho. Kivuli ni kitu chema, na anayekitaka hana kosa. Kosa ni kudhani kwamba ni haki ya wachache. Wakati miti ya Oysterbay ikilindwa, misitu ya Kibaha na Kisarawe, pamoja na Hifadhi ya Ruvu Kusini, ilikuwa ikikatwa ili jiji lipate mkaa. Tulipika chakula cha mji kwa kivuli chetu.

Sasa mji unatufuata. Bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa tarehe 31 Julai 2025. Viwanda vinajengwa, na nyumba za wafanyakazi hazina budi kufuata. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kwetu wajenzi wamekwisha kufika. Kabla ya vigingi vya viwanja kuchomekwa, ingefaa tuulize mapema barabara zitapandwa miti gani, na nani ataruhusiwa kuketi chini yake. Mjomba alimwagilia kivuli cha watu wengine maisha yake yote. Ningependa wajukuu zake wakimwagilie cha kwao.