Fahamu: Kompyuta inachoraje mstari bila kuchoka?
Kioo cha simu yako hakina mstari hata mmoja. Kina nukta tu, yaani pikseli, zilizopangwa kama vigae. Mstari ukienda hatua 5 kulia na 2 juu, kila hatua unapanda 0.4. Pikseli haina nusu, hivyo programu lazima iamue: ipande au ibaki?

Kwa kompyuta za zamani, desimali hizo zilikuwa mzigo kwelikweli. Mwaka 1962, Jack Bresenham wa IBM akabuni ujanja: weka hesabu ya kosa kwa namba kamili, ukijumlisha na kutoa, basi. Kosa likivuka sifuri, panda. Mstari ule unatoka hivi: 0, 0, 1, 1, 2, 2. Na wala hakubuni kwa ajili ya kioo, bali mashine iliyochora kwa kalamu.