Manyoya, Leseni na Mahakama: Historia ya Sheria ya Manyoya ya Ndege wa Porini Thika na Ruiru

Mwishoni mwa karne ya 19, ardhi ambayo leo imebeba miji ya Thika na Ruiru ilikuwa mpaka wa jamii tatu. Magharibi na kaskazini yalikuwako matuta yenye mito na mashamba ya Wakikuyu. Kusini na mashariki ulitanda uwanda wa nyasi hadi mto Athi, ambako Wamaasai walichunga ng'ombe wao. Na ng'ambo ya pili, kuuzunguka mlima Ol Donyo Sabuk ambao wengi huuita Kilimambogo, ilianza nchi ya Wakamba, wawindaji waliosifika kwa upinde na mishale ya sumu. Mbuni aliishi uwandani, lakini manyoya yake yalivaliwa pia na vijana wa matutani, kwa kuwa kwa Wakikuyu kama kwa Wamaasai kilemba cha manyoya ya mbuni kilikuwa vazi la shujaa, nao vijana wa Kimaasai waliotoka jandoni walitungua ndege wadogo kwa mishale na kuzivaa ngozi zao zenye manyoya kama taji. Manyoya hayo yalimtambulisha mvaaji kwa rika lake, na desturi ndiyo iliyoamua nani avae nini na lini.

Sheria iliyoandikwa ilikuja na hoja nyingine kabisa. Mkataba wa London uliotiwa saini tarehe 19 Mei 1900 na mataifa ya Ulaya yenye makoloni Afrika, ambao ulikuwa wa kwanza wa kimataifa kuhusu wanyamapori wa bara hili, uliwagawa viumbe kwa faida yao: tumbusi, bundi, ndege karani na wale wanaodonoa kupe migongoni mwa wanyama walilindwa kwa sababu walionekana kumfaa binadamu, hali kongoti na yangeyange waliwekwa katika orodha ya wanaoweza kuuawa kwa idadi ndogo tu. Mkataba wenyewe haukuidhinishwa na wote waliousaini, lakini mawazo yake yaliingia katika kanuni za uwindaji za himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, yaani nchi iliyokuja kuitwa Kenya, hadi katika Sheria ya Uwindaji ya mwaka 1909. Msingi wa kanuni hizo ulikuwa leseni. Leseni ya mwindaji mgeni iligharimu rupia 750, sawa na pauni 50 za wakati huo, na mlowezi alilipa rupia 150. Kibarua wa Kikuyu katika mashamba ya walowezi alipata rupia 4 au 5 kwa mwezi. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba ndege hawakukingwa dhidi ya risasi, bali dhidi ya watu wa aina fulani, na kwamba Mkamba mwenye upinde wake, aliyekuwa akiwinda kabla reli haijafika Nairobi, aligeuzwa jangili bila kubadili lolote katika mwenendo wake.

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea katika eneo hilihili. Mnamo Mei 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani miezi michache tu kabla, alikaribishwa katika shamba la Juja, mali ya tajiri Mmarekani William Northrup McMillan, kisha akawinda nyati katika mabwawa ya mafunjo ya mto Kamiti, upande wa Ruiru, kwenye shamba la mlowezi Heatley. Aliyempokea Mombasa kwa niaba ya serikali alikuwa Frederick Jackson, kaimu gavana, ambaye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa ndege, na msafara wa Roosevelt ulipewa vibali maalumu kwa ajili ya Makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Daktari wa msafara, Edgar Mearns, alikuwa mtaalamu wa ndege pia, na hadi safari ilipokwisha walikuwa wamekusanya ndege wapatao 4,000, waliochunwa, wakajazwa pamba na kufungiwa vibandiko vya mahali na tarehe. Sayansi ilifaidika, hilo halina ubishi. Lakini mfanyakazi wa Juja ambaye angeokota manyoya machache ya ndege hao kwa ajili ya ngoma ya kwao hangekuwa na kibali cha kuonyesha.

Wakati huohuo manyoya yalikuwa vita kubwa Ulaya. Kofia za wanawake matajiri zilipambwa kwa manyoya marefu na mepesi ya yangeyange, ambayo humwota ndege huyo mgongoni wakati wa kuzaa tu, kwa hiyo wawindaji waliwaua wazazi viotani na makinda yakafa njaa. Kule Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, bei ya wakia moja ya manyoya hayo ilipita ya wakia ya dhahabu. Chama cha kulinda ndege kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1889, kwa juhudi za wanawake hasa, kilipigana miaka zaidi ya 30 mpaka ikapatikana sheria ya mwaka 1921 iliyopiga marufuku kuingiza manyoya nchini humo. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika Aprili 1922, ilimwacha nje mbuni. Sababu yake iko katika mwili wa ndege mwenyewe: manyoya meupe ya mabawa na mkia wa mbuni dume hukatwa kwa mkasi juu kidogo ya ngozi, penye bua lisilo tena na damu, na vishina vinavyobaki hung'olewa baada ya wiki kadhaa vikiwa vimekauka, kisha mengine huota. Tena manyoya ya mbuni hayana vikulabu vidogo vinavyoyashika manyoya ya ndege warukao, ndiyo maana huyumba kwa upepo mdogo. Ndege anayeweza kuvunwa akabaki hai alihesabiwa kuwa mfugo, na mfugo haukuhitaji huruma ya sheria hiyo.

Ufugaji huo ulifika Afrika Mashariki kutoka Rasi ya Tumaini Jema, ambako serikali ilikuwa na wivu juu ya mbuni wake kiasi kwamba katika miaka ya 1880 ilitoza pauni 100 kwa kila mbuni aliyetolewa nchini na pauni 5 kwa kila yai. Walowezi wa huku hawakuhitaji kulipa: uwanda wa Athi ulikuwa na mbuni wa bure, na walowezi Harold na Clifford Hill, upande wa Machakos, walianza kwa vifaranga waliokamatwa porini, wakaishia kuwa mabingwa wa kuua simba kwa sababu simba waliwapenda mbuni wao kuliko soko lilivyowapenda. Hapo sheria iliwekwa mahali pa ajabu, kwani mbuni wa porini alikuwa mnyama wa leseni na mwanawe aliyezungushiwa ua alikuwa mali ya mtu, nayo manyoya yao hayakutofautiana hata kidogo. Biashara yenyewe ilianguka mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza na mitindo ya kofia ilipobadilika. Thika, iliyokuwa imefikiwa na reli kutoka Nairobi mwaka 1913, iligeukia mkonge na kahawa.

Mabadiliko makubwa ya kisheria yalikuja baada ya uhuru. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1976 iliweka neno nyara katikati ya mambo, ikimaanisha mnyama au ndege anayehusika, awe hai au mfu, pamoja na mfupa, kucha, yai, unyoya, ngozi au sehemu yake nyingine isiyooza upesi, hata ikiwa imetengenezwa upya kwa mkono wa binadamu, almradi iweze kutambulika. Mei 1977 uwindaji wote wa leseni ulipigwa marufuku, na mapema mwaka 1978 yakafungwa maduka ya nyara yaliyokuwa yakiwauzia watalii mijini. Desemba 1978 Kenya ilijiunga na mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Tangu hapo swali la mahakama halikuwa tena nani alifyatua risasi na kwa leseni gani, bali nani amekutwa na nyara, na kibali kiko wapi. Na anayeokota unyoya wa ndege aliyekufa mwenyewe hana haki zaidi ya aliyemuua.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilifanya msimamo huo kuwa mkali zaidi: kifungu cha 95, kama kilivyopitishwa na Bunge, kilimwekea mtu anayemiliki au kuuza nyara bila kibali faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Kiwango hicho kilikusudiwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu na za faru, lakini maneno ya kifungu hicho hayakutofautisha gunia la pembe na kilemba cha mchezaji ngoma. Katiba ya mwaka 2010, kwa upande wake, inatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na hapo ndipo vikundi vya ngoma na shule za Thika na Ruiru zinapojikuta pabaya, kwa kuwa kilemba cha babu kilichohifadhiwa sandukuni tangu kabla ya leseni zote hakina stakabadhi, na kumbukumbu ya familia si kibali.

Njia ya halali ipo, nayo ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, linaloweza kumpa mtu kibali cha kumiliki au kufanya biashara. Vilevile mfugaji wa mbuni mwenye leseni anaweza kuonyesha manyoya yake yametoka kwa ndege gani. Katika mavazi mengi ya jukwaani, hata hivyo, hatari hiyo yote huepukwa kwa manyoya ya jogoo yaliyotiwa rangi nyeusi na nyeupe, ambayo kwa mbali huweza kupita kwa ya mbuni. Kuku si mnyamapori kwa tafsiri yoyote ya sheria, na anayeshitakiwa akiwa na manyoya hayo ana la kujitetea: upande wa mashtaka ndio utakaopaswa kumwita mtaalamu wa ndege athibitishe vingine.