Mchapishaji na Riziki ya Mtunzi: Mfano wa Comb Books

Kasikeu na vilima vya Kilungu vilivyo jirani yake, katika Makueni ya leo, ni nchi ya wakulima. Kilungu ndiko alikozaliwa David Maillu mnamo 1939, na katika historia yake unaonekana waziwazi uhusiano wa mchapishaji na riziki ya mtunzi.

Utaratibu uliorithiwa kutoka Uingereza unafahamika. Mchapishaji hugharimia uhariri, upigaji chapa na usambazaji, kisha humlipa mtunzi mrabaha, aghalabu asilimia 10 ya bei, baada ya vitabu kuuzwa. Kwa hakika, basi, mtunzi ndiye anayemkopesha mchapishaji, tena kwa kazi ya miaka. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliweza kutoa vitabu vya lugha zenye wasomaji wachache kwa kuwa ilitegemea fedha za umma. Makampuni ya biashara yalijitegemeza kwa vitabu vya shule. Mswada usiofaa darasani ulikuwa mzigo kwao.

Maillu aliamua kujichapishia. Mwaka 1972 Comb Books ilitoa Ki Kyambonie, kitabu cha Kikamba. Vilivyofuata, Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle (1973), kisha After 4.30 (1974), vilikuwa vya Kiingereza: vitabu juu ya pombe, mapenzi na mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Wahakiki wa vyuo vikuu walivikemea, na si bila sababu; wasomaji wa mjini walivinunua kwa wingi. Lakini hukumu hiyo ya wahakiki ilipita kando ya jambo moja zito, kwamba kuiacha lugha ya mama hapa kunaelezwa na soko vizuri zaidi kuliko na sanaa.

Uhuru huo ulikuwa na bei yake. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vyake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa. Comb Books haikuwa na vitabu vya shule vya kuitegemeza. Hasara ambayo kwa desturi humpata mchapishaji, na umaskini ambao kwa desturi humpata mtunzi, vilimwangukia mtu mmoja. Kampuni ikaanguka. Mwaka 1980 riwaya yake For Mbatha and Rabeka ilitolewa na Macmillan, kampuni ya Uingereza, katika mfululizo wa Pacesetters.