Namba ya Siku ya Kwanza: Kupima Usawa wa Barabara Mpya Mandewa

Barabara ya lami inapojengwa, karibu kila kitakachofukiwa hupimwa. Udongo hushindiliwa kisha hutobolewa ili kujua umeshikamana kiasi gani. Changarawe na kokoto za msingi hupelekwa maabara. Lami hupimwa joto lake na kiasi chake kwa kila mita ya mraba. Lakini uso wenyewe, ambao ndio pekee unaoguswa na tairi la mwananchi kila siku, ni rahisi kuachiwa jicho la wakaguzi wanaopita kwa gari siku ya makabidhiano. Makala haya yanatetea jambo moja: usawa wa uso upimwe siku hiyo kwa namba, namba iandikwe katika hati ya makabidhiano, na kifaa cha kuipata kichaguliwe kwa kuitazama barabara yenyewe, si kwa kunakili mkataba wa barabara kuu.

Nimeichagua kata ya Mandewa, katika Manispaa ya Singida, kwa sababu hapo ndipo ilipojengwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mgonjwa wa nyonga iliyovunjika anayetoka Shelui hupandishwa mlima Sekenke na kuletwa mjini kwa barabara kuu iliyo chini ya TANROADS, wakala uliopo tangu mwaka 2000. Mjini huacha barabara kuu na kuingia barabara za mitaa, ambazo nchini kote ziko chini ya TARURA iliyoanzishwa mwaka 2017. Kwa mgonjwa huyo safari ni moja. Kwa mpimaji ni barabara mbili zenye tabia tofauti, na ya pili ndiyo isiyozungumzwa sana katika maandishi ya taaluma yetu.

Namba inayotambulika kimataifa ni Fahirisi ya Kimataifa ya Mtikisiko wa Barabara, ambayo wahandisi huiita IRI. Hupatikana kwa hesabu: gari la kufikirika, kwa kweli robo ya gari yenye tairi moja, springi moja na uzito uliolalia juu yake, hupitishwa juu ya mchoro wa uso wa barabara kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kiasi ambacho springi imepanda na kushuka hujumlishwa, na jibu huandikwa kwa mita kwa kila kilomita. Sifuri ni uso usio na kasoro yoyote. Lami ya zege iliyotandazwa vizuri kwa mashine huwa karibu na 2 au chini yake, na changarawe iliyochakaa huvuka 10.

Msingi wa maarifa haya uliwekwa kwa sehemu kubwa hapa kwetu Afrika Mashariki, na ninasikitika kwamba wanafunzi wetu wengi wa uhandisi hawafundishwi hivyo. Kati ya 1971 na 1974 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, ikishirikiana na serikali ya Kenya na Benki ya Dunia, ilifuatilia barabara za Kenya pamoja na magari yaliyozitumia. Mtikisiko ulipimwa kwa trela la gurudumu moja lililokokotwa kwa kilomita 32 kwa saa, likijumlisha milimita ambazo ekseli ilisogea kuelekea chasisi. Ripoti za mwaka 1975 ziliunganisha namba za trela hilo na vipuri na tairi alizonunua mwenye gari, na kutoka humo zikakua programu za kukadiria gharama za barabara ambazo wizara za ujenzi bado zinazitumia. Udhaifu wa vifaa vya aina hiyo ulikuwa springi: huchoka, tairi hupungua upepo, na barabara ileile ikatoa namba nyingine mwaka unaofuata. Ndiyo sababu mwaka 1982 watafiti wa nchi kadhaa walikutana Brasília, wakapitisha vifaa vyao juu ya barabara zilezile, na mwaka 1986 Benki ya Dunia ikachapisha IRI kama kipimo cha pamoja.

Kwa barabara kuu ya Singida, ambako malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita usiku na mchana, IRI inafaa. Lori lenye ekseli ya tani 10, kiwango kinachoruhusiwa na sheria ya Afrika Mashariki kwa ekseli moja yenye tairi nne, halibonyezi tani 10 daima. Tuseme linadunda juu ya wimbi la lami na kutua kwa nguvu ya tani 12. Kwa kanuni ya kipeo cha nne iliyotokana na majaribio ya barabara ya Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, ongezeko hilo la asilimia 20 linazidisha uharibifu mara mbili hivi, na linatua palepale kila lori linapopita. Wimbi lililoachwa na mkandarasi huchimba shimo lake lenyewe.

Tukiingia Mandewa hesabu inabadilika. Bodi ya gari hucheza juu chini karibu mara moja na nusu kwa sekunde, na ekseli karibu mara 10. Kwa kilomita 80 kwa saa, hiyo ina maana kwamba gari la kufikirika huyasikia zaidi mawimbi yenye urefu wa mita 15 hivi, na yale ya mita 2 na kidogo. Bajaji inayomkimbiza mama mjamzito hospitalini haiendi kwa mwendo huo. Kwa kilomita 30 kwa saa, mawimbi yanayoitikisa ni ya mita 5 au 6, na makunyanzi ya chini ya mita moja. Maungio ya lami juu ya kalvati, kiraka kilichozidi kimo, ukingo wa makutano uliomalizwa kwa koleo: vyote hivyo ni vifupi, na IRI ikipigiwa wastani wa kilomita nzima huvimeza. Barabara inaweza kupata namba nzuri na bado ikamuumiza mgonjwa.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likijadiliwa ipasavyo. Vifaa vya leza vinavyochora uso wa barabara ili IRI ihesabiwe hupima njia mbili zinazokanyagwa na tairi za gari. Bajaji ina gurudumu la tatu, nalo hupita katikati, mahali ambapo gari halikanyagi na mpimaji hapimi. Bodaboda nayo hujibanza pembeni kupisha magari, karibu na mfereji, ambako rola hushindilia kwa shida. Mtaa unaohudumiwa zaidi na vyombo hivi unastahili kupimwa kwa mistari mitatu: njia ya tairi, katikati, na pembeni.

Kifaa cha kwanza kwa kazi hiyo ni cha zamani nacho ni rahisi: rula ya chuma ya mita 3 inayolazwa juu ya lami, na kabari yenye alama inayosukumwa chini yake kupima mwanya. Kitabu cha masharti ya kazi za barabara kilichotolewa na Wizara ya Ujenzi mwaka 2000 kina masharti ya usawa wa uso, hivyo msimamizi wa mradi haombi jambo geni. Rula hailioni wimbi la mita 15, na kwenye barabara kuu huo ni upungufu mkubwa. Mtaani, penye mwendo wa kilomita 30, upungufu huo si mkubwa kihivyo.

Kifaa cha pili ni Merlin, kilichobuniwa na Cundill wa maabara ileile ya Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991 kwa ajili ya nchi kama zetu. Ni kama toroli: gurudumu la baiskeli mbele, mguu nyuma, mita 1.8 kati yao, na katikati ncha inayogusa lami. Ncha imeshikwa na mkono unaokuza msogeo wake mara 10 juu ya karatasi yenye miraba. Mpimaji husukuma mzunguko mmoja wa gurudumu, husimama, hutia alama, husukuma tena, hadi alama 200. Kisha huhesabu alama 10 kutoka kila ukingo wa mtawanyiko, huziacha nje, na upana wa zilizobaki kwa milimita ndio unaoitwa D. IRI ni 0.593 kuongeza 0.0471 mara D. Upana wa milimita 60 unatoa 3.4. Alama 200 huhitaji mita 400 na kitu; mtaa mfupi kuliko hapo hupitiwa zaidi ya mara moja.

Fomula hiyo ina mpaka unaosahauliwa. Ililinganishwa na barabara zenye IRI kati ya 2.4 na 15.9. Lami ya zege iliyo laini kabisa iko nje ya mpaka huo, na kuipokea barabara kuu mpya kwa Merlin ni kukitumia kifaa mahali ambapo hakikulinganishwa. Kwa mtaa wa lami nyepesi, iliyomwagwa na kufunikwa kokoto mara mbili, kifaa kiko mahali pake. Programu za simu zinazohisi mtikisiko zinasaidia kuujua mtandao mzima wa barabara kwa haraka, lakini sioni namna ya kumkata mkandarasi fedha kwa namba inayobadilika kwa aina ya gari na mahali simu ilipofungwa.

Lami nyepesi hiyo haisawazishi chochote. Unene wake ni wa kokoto zenyewe, kwa hiyo hulifuata umbo la msingi kama shuka linavyolifuata godoro. Kupima baada ya lami kumwagwa ni kuchelewa: msingi ukiwa bado wazi, wimbi huondolewa kwa greda na rola, na baada ya lami huondolewa kwa kukwangua au kuongeza tabaka. Rula ipite juu ya msingi kwanza, na mhandisi mkazi asiruhusu lami kabla ya kusaini. Kipimo cha siku ya makabidhiano kitathibitisha yale ambayo msingi umekwisha kuyasema. Matuta ya kupunguza mwendo karibu na hospitali na shule yaachwe nje ya hesabu na yapimwe kwa kimo na umbo lao. Bila hivyo mkandarasi atalaumiwa kwa kitu alichoagizwa kujenga.

Wako wanaohofia kwamba uso laini utawaalika madereva kukimbiza, na hofu hiyo ni ya haki karibu na lango la hospitali. Mwendo udhibitiwe kwa tuta lililowekwa mahali panapojulikana na lenye alama. Wimbi la bahati mbaya halimpunguzi dereva mwendo, humshtukiza. Hoja nzito zaidi ni ya makandarasi wadogo wazawa, wanaokodi greda kwa siku na kulipwa kwa kuchelewa. Majimbo kadhaa ya Marekani humwongezea mkandarasi malipo kwa uso laini na kumkata kwa uso mbaya. Kulianza hilo Singida leo ni kumwadhibu mtu kwa kipimo ambacho hajawahi kukishika mkononi. Kwa miradi ya mwanzo namba ichukuliwe, kasoro irekebishwe, malipo yasiguswe. Gharama haitishi: Merlin iliundwa itengenezwe katika karakana za kawaida, na mtu anayechomelea mageti ya nyumba anaweza kuitengeneza akipewa mchoro.

Kinachonishughulisha zaidi ni mwisho wa kipindi cha uangalizi wa kasoro, ambacho katika mikataba mingi ni mwaka mmoja. Mwaka huo huwa na masika yake. Sehemu kubwa ya Singida ni kichanga na miamba ya graniti, lakini penye mabonde kuna udongo wa mbuga unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Barabara ikianza kuyumba baada ya mvua, mkandarasi atasema ni malori yaliyozidisha mzigo, wakala atasema ni ushindiliaji hafifu, na mkazi ataamini ni rushwa. Bila namba ya siku ya kwanza hakuna anayeweza kuthibitisha lolote. Ikiwepo, kipimo cha pili katika mistari ileile mitatu huonyesha mahali uso ulipobadilika na kwa kiasi gani. Ukizama juu ya kalvati, kujazia ndiko kuliharibiwa. Ukibonyea katika njia ya tairi peke yake, mzigo uchunguzwe. Ukiyumba kote, bondeni, mkandarasi asisumbuliwe kabla ya kuulizwa nani alisanifu msingi juu ya udongo huo. Karatasi za vipimo hivyo viwili, moja kwa kila mstari, zenye alama 200 kila moja na saini ya mkandarasi, ya mhandisi na ya mwenyekiti wa mtaa aliyetembea nao, zinakaa katika faili moja la manispaa.